Bwana Betri na Kikao Kilichokuwa Kifanyike Jumatatu

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wafanyakazi wa dukani mliosimama kule nyuma na sare zenu, sogeeni mbele kidogo. Wasifu huu nimeuandika mimi, dada mkubwa wa marehemu. Ule uliochapishwa kwenye programu mliyoshika ni mfupi kuliko huu, kwa sababu kuna maneno yalikatwa. Mimi nitasoma yote. Yaliyokatwa yanahusu kazi zenu, na marehemu alitaka myasikie.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, kitinda mimba wa fundi cherehani na mkewe, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga yenye bomba moja uani. Alizaliwa kabla ya siku zake, na mkunga akamwambia mama asimzoee sana. Mama akamfunga kwenye kanga na kumzoea hivyo hivyo. Nilikuwa na miaka saba na mimi ndiye niliyembeba mgongoni, kwa hiyo nina haki ya kumsema.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1974. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Sifa yake ilikuwa mikono. Alitengeneza magari ya waya na makopo, usukani unakata kona kama ya kweli. Mwalimu wa hesabu alimnyang'anya moja katikati ya kipindi. Wiki iliyofuata mwalimu huyo huyo alikutwa ofisini akiliendesha juu ya meza, kati ya madaftari, akinguruma kwa mdomo.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa kufagia na kupanga rafu katika duka la vichezeo la mama mmoja mjane, kwenye barabara kuu. Mama yule alipochoka, mwaka 1989, alimuuzia yeye. Hapo ndipo alipoweka ile meza yake karibu na mlango, meza ndefu ya kimo cha mtoto, yenye kichezeo kimoja cha kila aina kilichotolewa kwenye boksi. Mtoto ashike kwanza, ndipo mzazi atoe hela. Mifuko ya shati lake ilijaa betri za kujaribia, na watoto wakambandika jina la Bwana Betri. Maduka yakafika manne, na kila duka lilikuwa na meza yake.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1984. Wifi yangu aliingia dukani kurudisha mwanasesere aliyefumba jicho moja na kugoma kulifumbua. Walibishana mpaka wateja wakasahau walichofuata, na wifi akashinda. Ameendelea kushinda katika ndoa nzima. Walijaliwa mtoto wa kiume, ambaye sasa ndiye meneja wa biashara, na wa kike, ambaye ni mwalimu.

Kisha simu zikaingia kwenye biashara. Mama anakuja na mwanawe, mtoto anacheza mezani, mama anapiga picha boksi na kuagiza kwingine kwa simu, bado yuko mlangoni. Ndugu yangu aliyaona haya kwa macho yake, na bado aliwabadilishia betri. Nikamwambia, "Mdogo wangu, umekuwa kiwanja cha michezo cha bure." Akacheka. Duka la kwanza lilipofungwa hakucheka tena.

Maji yalipomfika shingoni, mwaka 2018, alileta mshauri wa biashara. Mshauri akasema meza ziondolewe, kila kitu kifungiwe kwenye makabati ya vioo. Akakubali. Akabadilisha bei, akazirudisha, akazibadilisha tena. Alimwondoa msimamizi mmoja, akamwita, akamwondoa upya. Watoto waligonga vioo na wazazi wakawavuta mkono wakaenda zao. Nasema wazi mbele ya jeneza lake, na akiwa hai nilimwambia hivyo hivyo: vichezeo alivijua, ila kuongoza watu mambo yanapoharibika kulimshinda. Duka la pili nalo likafungwa.

Duka la tatu lilifungwa Jumatatu, tarehe 6 Machi 2023. Hakupata moyo wa kuwaambia wafanyakazi. Siku moja kabla alimwita fundi, akabadilisha kufuli. Asubuhi aliegesha gari ng'ambo ya barabara, akazima injini, akakaa humo ndani. Alimwona keshia wake wa miaka mingi akifika na kontena lake la chakula. Keshia akaingiza ufunguo, ukagoma. Akaupuliza vumbi, akajaribu tena, akawageukia wenzake akiwaambia wasubiri, labda ni kutu. Ndugu yangu hakushuka.

Baada ya mwezi alikwenda nyumbani kwa keshia kuomba radhi. Mama yule alimsikiliza mlangoni, mikono ina povu la sabuni, kisha akamwambia, "Bosi, ungeniambia tu. Ningelia, halafu ningekusaidia kufunga maboksi."

Maneno hayo yalimtafuna. Alirudisha meza kwenye duka lililobaki, na akaapa kwamba wafanyakazi wa duka hilo, liwe liwalo, hawatasikia habari zao kutoka kwa kufuli. Watasikia kwa mdomo wake.

Septemba mwaka huu alianza kusumbuliwa na moyo. Alikataa hospitali kwa kisingizio kimoja baada ya kingine mpaka wifi alipomfungia mkoba na kumwita dereva. Akiwa wodini aliwatumia ujumbe wafanyakazi wote: kikao Jumatatu, tarehe 11 Novemba, saa mbili asubuhi, dukani, asikose mtu. Najua ujumbe ule uliwanyima raha. Daktari alikuwa amemruhusu kutoka kwa asubuhi hiyo moja. Alifariki Jumamosi tarehe 9, saa kumi na moja jioni, mimi nimemshika mkono wa kulia na mkewe wa kushoto. Jumatatu mlifika kwenye kikao mkakuta tangazo la msiba.

Jana jioni tulikaa sebuleni kupitia wasifu huu. Mpwa wangu, yule meneja, aliweka programu mezani, nikaona maneno yangu ya mwisho hayamo.

"Shangazi, ukiwaambia sasa wataondoka," alisema. "Likizo za shule ndizo hizo zinaanza. Nitabaki na duka limejaa mzigo, muuzaji hakuna."

"Baba yako aliapa."

"Baba amekufa. Mimi ndiye nitakayetazamana na mwenye jengo, si wewe. Nipe hizi wiki chache tu."

Hakusema uongo. Mzigo wote uko begani kwake na hakuuomba. Lakini nilimkumbusha gari lililoegeshwa ng'ambo ya barabara, na baba yake akiwa humo ndani. Tukamtazama mama yake, ambaye tangu msiba uanze alikuwa hajazungumza zaidi ya kuitikia pole.

"Wifi," aliniambia, "soma kama ulivyoandika."

Mpwa wangu aliinuka akatoka, chai yake hajaigusa. Asubuhi hii hajanisemesha, na nampenda vile vile.

Marehemu ameacha mjane, mtoto wa kiume na wa kike, wajukuu watatu, na dada mmoja. Ameacha pia wafanyakazi tisa. Wanangu, duka linafungwa tarehe 31 Desemba, na halitafunguliwa tena. Anayeweza kubaki mpaka siku hiyo, abaki. Anayetaka kuondoka kesho akatafute kazi, aende, na yeyote atakayemlaumu aje kwangu kwanza. Haya ndiyo yaliyokuwa ya kikao. Alijizoeza kuyasema pale kitandani, akinitazama mimi kana kwamba ni ninyi, na kila alipofika kwenye neno "linafungwa" sauti ilimkatika.

Mdogo wangu, nimewaambia. Wamesikia kwa mdomo wa mtu, wote tisa, wakiwa wamesimama mbele yako. Sasa pumzika kwa amani.