Historia ya Bibi Yetu, Fundi wa Sare za Askari wa Wanyamapori

Ndugu waombolezaji, majirani na nyote mliofika, mjomba ameniomba nisome maisha ya bibi yetu, na kabla sijaanza naomba radhi kwamba tangazo lililobandikwa ukutani linasema marehemu alikuwa na miaka sabini na mmoja, si kweli, amefariki akiwa na miaka sabini, miezi mitatu na siku kumi, nimehesabu mara mbili.

Bibi alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, mtoto wa nne na binti pekee wa mwashi na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha matofali. Alianza darasa la kwanza Januari 1961 na kumaliza la saba mwaka 1967, akiwa wa pili darasani, wa kwanza akiwa mvulana ambaye Bibi alisisitiza hadi uzeeni kwamba alikuwa akichungulia daftari lake. Mwaka 1969 alijiunga na chuo cha ushonaji, akahitimu Novemba 1970, akashona nguo za watu nyumbani kwa miaka mitano, hadi Jumatatu ya tarehe 5 Januari 1976 alipoajiriwa kuwa fundi wa sare katika bohari ya idara ya wanyamapori, chumba kirefu chenye cherehani tatu, meza ya kukatia na dirisha moja, ambako alifanya kazi miaka thelathini na minane bila kuhamishwa, akastaafu tarehe 31 Machi 2014.

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na babu yetu, dereva wa lori na mtu wa utani, aliyependa kuwaambia watu kwamba alikwenda kupunguziwa suruali akarudi na fundi mwenyewe. Walijaliwa watoto wawili, mama yetu mwaka 1978 na mjomba mwaka 1983. Babu alitangulia mwaka 2009, na wazazi wetu walipofariki wote wawili mwaka 2015, mimi nikiwa na miaka kumi na minne na mdogo wangu saba, Bibi alituchukua, akasogeza cherehani ukumbini ili sisi tupate chumba.

Kazi ya bohari ilikuwa hivi, sare mpya zilishonwa na kugawiwa, na zilizochanika porini zililetwa ndani ya magunia zitiwe viraka, kwa hiyo Bibi aliwajua askari kwa matundu ya nguo zao, ya miiba, ya nyaya za mitego, na mwaka 1993 shati la askari aliyeitwa Mrefu, lililopasuliwa mgongoni na pembe ya nyati. Alilitengeneza vizuri, likaning'inia kwenye msumari miezi mitatu, mwenyewe hakuja kulichukua kwa sababu alikuwa amefariki, na hakuna aliyekumbuka kumwambia fundi.

Hata baada ya kustaafu magunia yaliendelea kuletwa nyumbani, na kazi ya mdogo wangu, tangu akiwa na miaka kumi, ilikuwa kuchambua miiba na mbegu za nyasi zilizonasa kwenye mapindo ya suruali kabla hazijafuliwa. Sisi tulizitupa, yeye alizitia kwenye chupa za dawa, akaandika kila chupa jina la mmea na sehemu unakoota, akawa anaweza kutazama suruali na kusema mwenye nayo alipita mtoni au mlimani. Chupa ziko arobaini na tatu. Januari 2023, akiwa na miaka kumi na mitano, alitangaza mezani kwamba akimaliza kidato cha nne ataomba chuo cha uhifadhi wa wanyamapori, na Bibi akaweka kijiko chini, akasema, “Mke mwenzangu, kazi hiyo nimeitia viraka miaka na miaka, usije ukaniletea na nguo yako.” Mdogo wangu akajibu, “Basi nitavaa gauni, Bibi,” Bibi akacheka, lakini hakukubali.

Fomu ilipatikana Aprili mwaka huu, ikihitaji saini ya mlezi, mwisho wa kuipokea Ijumaa ya tarehe 14 Juni. Mjomba alisema, “Lete nisaini mimi, yaishe,” mdogo wangu akakataa, akasema hawezi kuanza maisha kwa kumzunguka Bibi, na fomu ikabaki kwenye droo ya cherehani, siku zikikatika.

Bibi alikuwa akisumbuliwa na moyo tangu Novemba 2022, miguu ilivimba hata akashindwa kukanyaga cherehani, na tarehe 27 Mei 2024 alilazwa wodi ya wanawake, kitanda namba nane. Mdogo wangu alikuwa akienda kumwogesha kila siku, wakiongea mambo yote isipokuwa lile moja, na hofu yetu kubwa, naisema wazi, ilikuwa kwamba Bibi angeondoka na neno hapana likiwa katikati yao.

Jumapili ya tarehe 9 Juni, saa tisa alasiri, alifika kumjulia hali sajini mmoja wa kike akiwa na sare yake, na Bibi, ambaye kwa siku mbili alikuwa haongei sana, alivuta pindo la shati, akaligeuza, akatambua mshono wake wa mwaka 2011, akauliza ni nani aliyetia viraka visivyoonekana namna ile. Sajini akasema, “Hakuna kiraka, mama, halijawahi kuchanika, limepauka tu.” Bibi akauliza, “Na wenzako?” Akajibiwa, “Wengi wetu ndivyo hivyo, mama, tunavaa mpaka rangi inatuaibisha. Wewe ulikuwa unaletewa yaliyochanika. Mazima tungeyaleta kufanya nini?”

Bibi aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika, nikainuka kumwita muuguzi, kumbe alikuwa anacheka, akasema, “Nimekuwa juha jamani, miaka yote nasomewa barua za vilio, nikadhani posta haina nyingine.” Kisha akasema kwamba Mrefu alikufa kweli na nyati bado wana pembe, asidanganywe mtu, akamgeukia mdogo wangu, “Haya, kalamu iko wapi, au unangoja nighairi?”

Saini ilitoka nje ya kisanduku, nami sikupata raha hadi kesho yake, karani wa chuo alipoitazama, akauliza kama mlezi alisaini akiwa juu ya pikipiki, kisha akapiga muhuri kwenye fomu na kwenye nakala yetu. Bibi aliomba miwani akaukagua muhuri huo mwenyewe, akaagiza suruali za wanafunzi zishonwe mara mbili kwenye magoti.

Alifariki Jumatano ya tarehe 19 Juni 2024, saa nne asubuhi, usingizini, bila maumivu, baada ya nusu kikombe cha chai. Tumeumia, lakini siwezi kuwaficha, tumepumua pia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, majirani waliotupikia tangu Jumatano bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa bohari, na sajini, ambaye yuko nasi hapa. Majibu ya chuo yatatoka Agosti, na yawe yatakavyokuwa, hakuna hata mmoja wetu atakayebaki akijiuliza Bibi angesemaje, kwa sababu alisema.

Bibi yetu, pumzika kwa amani, nasi umetuachia amani yetu.