Stakabadhi za Jamali

Mbele ya duka la Bandali, pale Keko, palikuwa na ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mapipa mawili ya lami, na watu watatu ambao bila mvua ya masika usingewakosa hapo. Wa kwanza Nassibu, mpagazi wa bandarini, aliyeitwa Winchi kwa ajili ya mabega yake. Wa pili Tabu, aliyefagia baraza la mahakama ya liwali miaka sita akatoka huko na sheria zote za dunia, wakamwita Jaji. Wa tatu Fransis Mpishi, Mluguru, aliyewapikia Wazungu wa Oysterbay na kujua kusoma maandishi yao. Kahawa aliuza Marijani, mtu asiyependa maneno. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi ya mshahara, saa kumi na moja za jioni, na mtu wa nne wa ubao ule, Jamali Tarishi, alikuwa na siku tano kaburini.

Huyo Jamali alikuwa tarishi wa ofisi moja huko mjini, na baiskeli alikuwa nayo. Viwanja vya upande ule vyote vilikuwa vya Mzee Haiderali, na mabati yaliyoezekea nyumba yalikuwa ya mkopo kutoka kwa Haiderali huyo huyo. Sasa ofisi yake ilifunguliwa saa mbili asubuhi ikafungwa saa kumi, na saa hizo watu wa Keko wako chini ya magunia au jikoni kwa watu. Basi kila mwisho wa mwezi walimpa Jamali fedha zao, shilingi mbili za kiwanja na tatu za bati, na senti kumi ya miguu yake. Yeye akaenda, akalipa, akarudi na karatasi yenye muhuri. Miaka minne mambo yalikwenda hivyo, na hapakuwa na mtu pale ubaoni aliyeijua ofisi ya Haiderali kwa ndani.

Homa ilimchukua Jamali kwa siku tatu. Makaburini kaka yake, Mwinshehe, aliyetoka Kisiju, alisimama akasema kama desturi ilivyo: mwenye kumdai marehemu ajitokeze, au asamehe. Watu wakaitikia kuwa wamesamehe. Lakini jana karani wa Haiderali alikuja na gundi, akabandika karatasi mlangoni kwa marehemu. Fransis ndiye aliyeisoma: kiwanja cha Jamali hakijalipiwa miezi ishirini, watu watoke kabla mwezi ujao haujaisha. Ndipo ubao ulipochemka.

— Mtu asiyelipa chake, alisema Tabu, atalipa changu? Hebu niambieni. Sheria iko wazi. Fedha zetu kala.

— Mbona stakabadhi alituletea? Fransis aliuliza.

— Ngapi? Wewe unazo za kila mwezi?

Fransis akatazama kikombe chake.

— Si zote, alisema.

— Mie pia si zote. Winchi je?

— Si zote, alijibu Nassibu, na mara akatamani asingeulizwa.

Kwa sababu Nassibu alijua kwa nini hazikuwa zote. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani wa mwaka juzi alipompa Jamali shilingi nne badala ya tano, akamwambia, “Nijazie bwana, nitamalizia.” Jamali alikuna kidevu, akasema, “Haya, lakini stakabadhi nakaa nayo mpaka umalizie.” Mwezi uliofuata ikawa vile vile. Kufikia sasa miezi ya namna hiyo ilikuwa kumi na moja, shilingi kumi na moja, na Nassibu hakuwahi kuuliza kama Jamali alijaza kweli au aliiacha tu. Aliogopa kuuliza, maana anayeuliza hulipa. Sasa alikuwa akiyahofia mabati yake. Haiderali akisema hayajalipwa, wangekuja watu na ngazi.

— Na hizo chache alizotupa, Tabu aliendelea, mna hakika gani nazo? Muhuri kitu gani? Kule mahakamani nilimwona mtu kachonga muhuri kwa kipande cha muhogo. Ukauke kidogo, wino unashika vizuri tu.

— Muhogo? Fransis akacheka. Bwana wangu anasema siku hizi wanatumia soli ya kiatu.

— Basi ndiyo hiyo. Jamali alikuwa na viatu viwili, kimoja hakuwahi kukivaa. Mlipata kukiona?

— Mie nasikia ana mke Bagamoyo, Fransis alisema. Na shamba. Minazi mia mbili.

— Kwa senti zetu kumi kumi?

— Kwa shilingi zetu tano tano, Jaji. Hesabu Keko nzima.

Nassibu aliona bora naye aseme, tena aseme kwa sauti, ili asiwe yeye peke yake aliyekaa kimya.

— Mie nilibeba jeneza, alisema. Upande wa kichwani. Lilikuwa jepesi.

Wote wakamgeukia.

— Jepesi vipi?

— Jepesi. Mie nabeba magunia ya kilo mia kila siku ya Mungu, naujua uzito wa kitu. Lile jeneza halikuwa na mtu mzima ndani.

— Unasema hakufa, Tabu alinong'ona.

— Sijasema. Nasema jepesi.

Alijua anasema uongo. Mtu aliyelala na homa siku tatu bila kula huwa mwepesi, na bega lake lilikumbuka vizuri kabisa kwamba alikuwa Jamali. Lakini neno lilikwisha kutoka, na wenzake walilipokea kwa furaha ambayo Nassibu hakuipenda.

— Kama ni hivyo, Tabu alisema, msamaha wetu wa makaburini umebatilika. Tulimsamehe maiti, sasa maiti hayupo. Kisheria tunaweza kushika mali.

— Mali gani? Nyumba yenyewe inachukuliwa.

— Cherehani.

Cherehani ilikuwa ya Hamisa, mjane, aliyekuwa ndani amekaa eda. Ile ndiyo ingemlisha akitoka humo, na kila mtu pale ubaoni alikuwa amevaa kitu kilichoshonwa nayo.

— Cherehani ile ina thamani ya shilingi mia na zaidi, Tabu alisema. Tunaiuza kwa Bandali, tunagawana. Twende sasa hivi, kabla watu wengine hawajapata akili hii. Winchi ataibeba.

— Kwa nini mie?

— Si wewe unaujua uzito wa vitu?

Marijani alikuwa akisuuza vikombe. Alisuuza kimoja hicho hicho muda mrefu.

Hawakupata kuinuka. Mwinshehe alitokea kwenye kona, kanzu yake imechafuka kwa vumbi la njia, kopo la biskuti kwapani. Alikuwa mzee kuliko wote pale.

— Shikamoo, walimwamkia, hata Tabu.

— Marahaba, wanangu. Nawatafuta nyie. Shemeji yenu ananiambia marafiki wa marehemu wanakaa hapa.

Akaketi mwisho wa ubao, akaliweka kopo juu ya magoti, akalifungua kwa shida. Ndani mlijaa karatasi, zimefungwa kwa uzi wa kushonea, kifungu kifungu.

— Hili lilikuwa chini ya kitanda chake. Mie kusoma sijui. Nani ananisomea?

Fransis akapokea kifungu cha juu. Macho yake yakaenda kwenye karatasi, yakarudi kwa Nassibu.

— Soma kwa sauti, mwanangu.

— Nassibu. Kiwanja na bati. Shilingi tano. Imelipwa yote.

— Ya pili?

— Nassibu. Shilingi tano. Imelipwa yote.

Alisoma kumi na moja, na kila moja ilikuwa na muhuri wa rangi ya zambarau. Halafu akasoma tisa za Tabu, na Tabu hakumkatisha hata mara moja. Kifungu cha tatu Fransis alikishika tu.

— Hicho cha nani?

— Changu, Fransis alisema.

— Nacho kimelipwa?

— Chote. Karatasi kumi na nne.

Mwinshehe akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akawatazama mmoja mmoja, uso wake wazi kabisa, mtu wa Kisiju asiye na habari ya mambo ya mjini.

— Sasa jambo moja linanishinda, wanangu, msinielewe vibaya. Yeye mwenyewe miezi ishirini hakulipa, sijui fedha zake alizipeleka wapi, na huyo mjane naye hajui. Lakini hizi zenu zimelipwa, muhuri upo. Kwa nini hamkuzichukua?

Nassibu alikuwa na mshahara wa mwezi mzima katika mfuko wa shati, umefungwa kwa kifungo, na aliusikia uzito wake kifuani. Maneno yenyewe yalikuwa machache: nilimpa pungufu, hizi hapa shilingi kumi na moja. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akafungua kinywa.

— Marehemu alikuwa mtunzaji mzuri, alisema.

— Kabisa, Tabu akadakia. Mtunzaji.

— Alhamdulillahi, Mwinshehe alisema, na machozi yakamlengalenga. Basi chukueni, kila mtu na chake. Sitaki amana za watu zimlemee huko aliko. Nyumba tutaiacha, tutafanyaje. Eda yenyewe Hamisa ataimalizia Kisiju.

Wakachukua. Nassibu alizikunja zake ndogo ndogo akazitia ndani ya kofia. Mwinshehe alipeana nao mikono, akawashukuru kwa urafiki wao, akaenda zake na kopo. Lilikuwa bado na vifungu vingi, na nyumba za kupita zilikuwa nyingi.

Cherehani haikutajwa tena. Nassibu akanyoosha kikombe.

— Nimiminie cha mwisho, Marijani. Andika pamoja na vile vingine.

Marijani akakichukua kikombe, akakifunika kichwa chini juu ya ubao. Halafu akakinga kiganja.

— Kahawa imekwisha. Vikombe sita, senti thelathini.

— Nimekwambia andika, nitamalizia kesho.

— Leo, Nassibu. Kamili.

Kiganja hakikuteremka. Nassibu akafungua kifungo cha mfuko, akahesabu senti thelathini mbele ya wenzake, akalipa zote, kisha akaufunga tena mfuko wake vizuri.