Shavu la Marehemu Baba

Basi ilikuwa hivi. Mzee Anania alipanda basi letu pale Kichiwa na gunia refu, akakaa na mama mmoja, Konsolata, anayenunua vitu vya kale. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma yao, na masikio hayana mlango. Wakasalimiana kamwene, kamwene, mara gunia likafunguliwa: bunduki ya upepo ya zamani, chuma kimechubuka, mbao upande mmoja unang'aa kama benchi jipya la kanisani.

"Baba, nani kaipiga msasa?"

"Mimi. Nikapaka na vanishi. Bati zinavuja nyumbani, nauza. Sasa niende sokoni na kitu kichafu?"

"Jamani! Umefuta bei. Wanaokusanya hizi wanalipia uzee wake."

"Basi ninunue na mimi, uzee ninao wa kutosha."

Tukacheka, hata tusiohusika. Mama akaigeuza. Upande wa pili vanishi haikufika, ilimwishia. Kwenye kitako palikuwa na kibonde laini.

"Hapa palilika na nini?"

Anania akapitisha kidole pale. "Shavu la baba. Alilinda ngano isiliwe na ndege, kalaza shavu hapo akilenga, mpaka anakufa."

"Hapo ndipo penye thamani, baba. Kwa hapo tu nanunua."

"Mwanangu, mimi nilikuja kuuza bunduki. Wewe unataka shavu la baba."

"Na bati je?"

Konda akaita Makambako. Watu wakashuka, Konsolata akasimama mlangoni anangoja jibu. Mzee bado amekaa, kainamisha shavu lake pale kwenye kibonde. Lilienea sawasawa.