Fundi Plasta, Aliyekataa Kuusingizia Umeme wa Watu

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa baba aliyekuwa dereva wa lori na mama aliyekuwa muuguzi msaidizi. Cheti chake cha kuzaliwa kina majina matatu mazuri, lakini tangu alipotimiza miaka minane hakuna aliyeyatumia isipokuwa walimu na benki. Sisi wengine wote, nami mdogo wake, tulimwita Plasta.

Jina hilo lilitokana na pasi ya umeme. Siku moja ile pasi ilimpiga mama shoti, naye akaitupa chini akaapa kutoigusa tena. Mama alipokwenda kazini, mwanawe aliifungua kwa kisu cha mezani, akaona mahali waya ulipochubuka, akauviringishia plasta ya vidonda aliyoichomoa kwenye mkoba wa mama. Mama aliporudi alimchapa kwanza. Kisha akachomeka pasi, ikapata moto, akanyoosha sare yake ya kesho. Baba ndiye aliyecheka. "Huyu atatutibia nyumba nzima kwa plasta," alisema, na jina likaganda hapo hapo.

Alisoma shule ya msingi ya jirani na reli, kisha sekondari ya wasichana, akamaliza mwaka 1985. Mwaka uliofuata alijiunga na chuo cha ufundi kusomea elektroniki, msichana peke yake katika darasa la watu thelathini na mmoja. Siku ya kwanza mwalimu wa karakana alimwonyesha ufagio. Plasta alifagia, akaurudisha ufagio pembeni, akaketi kwenye meza ya mbele. Alihitimu Novemba 1988 akiwa wa pili. Wa kwanza alikuja kuwa bosi wake, na huyo tutamfikia.

Tarehe 4 Machi 1991 aliajiriwa na kituo cha huduma cha kampuni moja ya televisheni. Kituo kilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mapazia: meza sita, dirisha moja lililopigwa misumari kwa kuogopa wezi, na feni ya kuvuta moshi iliyokufa mwaka 1999 na haikufufuliwa. Aliandika barua ya kuomba feni hiyo itengenezwe. Nakala tunayo nyumbani. Zilikuwa bado zama za televisheni za kichogo, zile nene mgongoni, na Plasta aliweza kusikiliza mlio wa seti kutoka mlangoni akakwambia inaumwa nini. Wateja walikuwa wakiuliza, "Yule mama yupo leo?" Kama hayupo, walibeba televisheni zao wakarudi nazo nyumbani.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1994 na kijana mpiga chapa aliyekuja kituoni kuleta vitabu vya risiti na akakuta hana sababu ya kuondoka. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti na mvulana. Ilikuwa nyumba ya vicheko. Mume alikuwa mpishi bora kuliko mke, na hakuna aliyejaribu kuficha.

Mwaka 2012 kampuni ilileta televisheni nyembamba za kutundika ukutani, zikauzwa kama karanga. Hazikumaliza hata miaka miwili. Zilianza kurudi moja moja, kisha kumi kumi, zote zikiwa na ugonjwa uleule: ukichomeka, taa ndogo ya pembeni inapepesa mara mbili, halafu kimya. Plasta alizifungua. Kwenye bodi ya umeme alikuta kapasita nne, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, zimevimba vichwa kwa joto, kwa kuwa kiwanda kilizipanga ubavuni mwa bati linalochemka. Haikuwa bahati mbaya ya mteja huyu au yule. Zilizaliwa nayo.

Aliandika taarifa, akachora, akaambatanisha picha, akampa meneja aipeleke kiwandani. Jibu lilichukua miezi minne. Kiwanda kilisema hakitatoa mchoro wa bodi, hakitatengeneza vipuri vipya, na vituo vitumie bodi zilizorudishwa kutoka seti nyingine. Pamoja na jibu hilo zilikuja fomu mpya. Pale penye neno "Chanzo cha hitilafu" palikuwa pamekwisha kuchapwa: "Umeme wa nyumbani kwa mteja." Dhamana ilikuwa haifidii kosa la umeme wa mteja. Kazi ya fundi ilikuwa kutia saini chini.

"Lakini hii si kweli," Plasta alimwambia meneja, yule yule aliyemshinda chuoni kwa alama tatu.

"Plasta, wewe tia saini. Sisi siyo kiwanda."

"Na mteja nimwambie nini?"

"Mwambie anunue stabilaiza ya kutuliza umeme."

Alitia saini. Tunalisema hili mbele ya watu kwa sababu yeye mwenyewe alituagiza tuliseme. Kwa miezi kumi na mmoja alitia saini fomu zile, akawatazama watu usoni akawaambia umeme wao ni mbovu. Aliporudi nyumbani alikuwa akinawa mikono mpaka shemeji, mumewe, anamwuliza sabuni imemkosea nini.

Miongoni mwa wateja hao alikuwamo mama mmoja mshonaji, mjane, aliyepandisha ngazi televisheni yake ikiwa imefungwa kwenye shuka.

"Fundi, friji yangu ina miaka tisa, haijawahi hata kukohoa," alisema. "Taa haziungui. Cherehani ya umeme inafanya kazi kutwa. Huo umeme wangu mbovu unaichagua televisheni peke yake?"

Plasta alimwambia anunue stabilaiza. Mshonaji alinunua, akalipia na bodi, nayo ilikuwa moja ya zile zilizorudishwa. Wiki saba baadaye, Alhamisi tarehe 14 Agosti 2014, saa tisa alasiri, bodi ile ilishika moto ukutani na pazia likafuata. Mshonaji aliing'oa televisheni kwa mikono yake kabla moto haujafika chumba alimolala mjukuu. Mkono wa kulia uliungua hadi kwenye kiwiko. Vidole vitatu havikukunjuka tena.

Plasta alikwenda hospitali kesho yake. Mshonaji alimtambua.

"Nina swali moja tu," alisema. "Uliponiambia ni umeme wangu, ulikuwa unajua?"

Angeweza kusema hapana. Tulimwuliza baadaye kwa nini hakusema hapana, akatutazama kana kwamba hatukulelewa nyumba moja.

"Nilikuwa najua," alimjibu mshonaji.

Mshonaji aligeukia ukuta. "Basi nenda zako."

Jumatatu iliyofuata Plasta alikata kwa kalamu maneno yale yaliyochapwa, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: "Umeme wa mteja ni mzima. Kosa ni la bodi." Alifanya hivyo kwenye fomu kumi na moja siku ile, na akawapa wateja nakala. Meneja alimwita akafunga mlango.

"Unataka kunifukuzisha kazi?"

"Nataka uje na mimi hospitali ukaone mkono."

"Nina watoto shuleni, Plasta."

"Na mimi ninao."

Alifukuzwa Jumanne, tarehe 2 Septemba 2014, kwa kosa la kuharibu nyaraka za kampuni, baada ya miaka ishirini na mitatu na miezi sita. Alipokuwa akikusanya bisibisi zake, hakuna hata mmoja kwenye zile meza nyingine tano aliyeinua kichwa. Baadhi yao wapo hapa leo. Karibuni, na viti vipo.

Mumewe alilichukulia vibaya. Alisema mkewe angevumilia miaka michache tu, kiinua mgongo chote kingekuwa chao. Waligombana, mume akahamia kwa dada yake mwezi wa kumi na moja, akakaa huko mwaka mmoja na ushei kabla ya kurudi. Shemeji aliusoma wasifu huu jana jioni na hakutuomba tulifute jambo hilo. Tunamshukuru.

Plasta alipanga chumba kimoja kando ya duka la vifaa vya shule, akaweka meza na taa. Alipoomba kununua vipuri kwa kampuni, alijibiwa kwamba haiwauzii mafundi wasioidhinishwa. Alipoomba mchoro wa bodi, aliambiwa ni siri ya kiwanda. Ndipo akaketi na bodi moja iliyokufa, akaifuata njia kwa njia, sehemu kwa sehemu, kwa kioo cha kukuza, miezi mitatu, akichora nyuma ya kalenda za zamani. Alipomaliza alijua pa kuzihamishia zile kapasita, mbali na bati, kwa vipande vifupi vya waya. Televisheni zikapona, na hazikurudi. Mchoro ule aliutoa nakala akawagawia mafundi wa mji mzima bure. Wapo walioununua tena kwa watu wengine wasijue ulikotoka.

Alizipeleka zile nakala za fomu kwenye ofisi ya kulinda wateja. Ofisa wa kwanza alisema amefanya jambo la maana sana. Wa pili alisema fomu ni mali ya kampuni. Wa tatu hakulipata faili. Kampuni yenyewe aliiandikia barua tisa. Moja tu ndiyo iliyojibiwa, mwaka 2019. Barua ya majibu ilianza hivi: "Asante kwa kuwa mteja wetu mwaminifu." Aliisoma kwa sauti mezani, tukacheka sote, yeye peke yake hakucheka. Hakuna aliyewahi kukiri kitu. Seti zile ziliondolewa madukani kimya kimya, zikaja nyingine zenye jina jipya, na mshonaji hakulipwa fidia hadi leo.

Kila mwisho wa mwezi Plasta alikuwa akienda kwa mshonaji huyo. Mwaka wa kwanza hakufunguliwa mlango. Mwaka wa pili alifunguliwa akaachwa kizingitini. Alikwenda hivyo hivyo mpaka akaruhusiwa kuingia, akawa anarekebisha hiki na kile, akaigeuza cherehani ili iweze kutumiwa kwa mkono wa kushoto.

Kikohozi kilimwanza mwishoni mwa mwaka 2020. Machi 2022 daktari alitazama picha ya mapafu akamwuliza amevuta sigara kwa miaka mingapi.

"Sijawahi kuvuta hata moja."

"Unafanya kazi gani?"

Alipomweleza kuhusu moshi wa risasi ya kulehemu na dirisha lililopigwa misumari, daktari aliweka kalamu chini. Mapafu yalikuwa na makovu, na makovu hayo hayaponi. Tulimtafutia mashine ya kumpa oksijeni nyumbani, nayo haikuwa mpya. Juni mwaka jana, Jumapili mchana, mashine ilizimika. Mumewe alimpigia wakala wa kampuni iliyoiunda. Simu ilikuwa kwenye spika, na Plasta alikuwa kitandani akisikia.

"Samahani mzee, modeli hiyo haina tena huduma. Vipuri havitengenezwi. Itakuwa umeme wenu umeiunguza."

Plasta alicheka mpaka pumzi ikamwisha na tukadhani ndiyo basi. Kisha akaomba bisibisi. Mumewe alishika tochi, mtoto wake wa kike akamshikia mgongo, naye akaifungua ile mashine mapajani, akivuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima. Ilikuwa fyuzi na kapasita mbili. Saa kumi na moja jioni ilinguruma. Ilimpa miezi minane.

Mshonaji alikuja kumwona mwezi wa kwanza mwaka huu. Aliketi pembeni ya kitanda, mkono wake mbovu ukiwa ndani ya mtandio.

"Sijakusamehe," alisema. "Nimekuja kukuona tu."

"Inatosha, dada," Plasta alisema.

Tarehe 11 Februari 2024 pampu ya mashine ilikatika. Hicho kilikuwa kipuri ambacho mikono ya mtu haiwezi kukitengeneza, na hakuna aliyekuwa nacho wala aliyekubali kukiagiza. Alihamishiwa hospitali, akafariki Jumapili, tarehe 18 Februari, saa nne asubuhi, zikiwa zimebaki wiki tatu atimize miaka hamsini na sita.

Jana gari la kampuni ya televisheni lilileta shada la maua na barua. Barua inamtaja marehemu kuwa mfanyakazi wa mfano, na inaomba isomwe hapa, na nembo ya kampuni iwekwe kwenye kijitabu hiki. Familia ilikaa kikao cha dakika tano. Barua haitasomwa. Shada limerudi na gari lililolileta. Dereva hana kosa. Alipewa chai, akanywa, akatupa pole, akaondoka.

Marehemu ameacha mume, binti ambaye ni mwalimu, mtoto wa kiume ambaye ni fundi bomba, wajukuu watatu, na mdogo wake, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya. Ameacha pia mama yetu mzazi, mwenye miaka themanini na minne. Kumbukumbu zake zimechoka. Asubuhi ya leo ametuuliza mara mbili kwa nini mwanawe mkubwa hajapita kumsalimia.

Pumzika kwa amani, dada. Mama tutamjibu sisi.