Tangi Lililobonyea

Kwenye feri ya Likoni, jirani yangu Mwanarusi, mwenye boti ya kuvulia, alikuwa amepakata tangi tupu la petroli lililobonyea ubavu. Abiria mmoja asiyemjua alishindwa kujizuia.

"Dada, mashine yako huwaka, ikenda kidogo ikazima?"

"Huzima katikati ya maji. Tangi nalipeleka kwa fundi."

"Fundi wa nini? Mashine inavuta petroli kwa mpira, na petroli ikitoka lazima hewa iingie mahali pake. Wewe umeikaza hiyo skrubu ya hewa hapo kwenye kifuniko."

"Nimeikaza makusudi, maji ya chumvi yasiingie."

"Basi tangi linajinyonga, wallahi."

"Bora lijinyonge kuliko linywe maji."

Yule bwana hakuomba ruhusa, akailegeza skrubu. Fyuuu! Tangi likavuta pumzi, ubavu ukarudi kwa kishindo, hata muuza korosho akageuka. Mimi nikajifanya natazama meli.

Mwanarusi akalikagua tangi pande zote, kisha akaikaza skrubu kwa nguvu zake zote.

"Hapa hakuna mawimbi; ninakovua yapo," akasema.

Mlango wa feri ukashuka, naye akatangulia kumpelekea fundi tangi zima.