Kura Moja, Basi Zima

Fundi cherehani alijifanya anatazama nje, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele, kwa kinyozi na mkunga waliokutana humo humo basini na tayari wanagombana kama ndugu.

"Mama, haiingii akilini!" kinyozi alifoka. "Jimbo letu la mjini limefurika watu, mbunge mmoja. Nyinyi wa milimani mko wachache, naye mbunge mmoja! Kura yako ina uzito wa kumi zetu. Serikali mnaichagua nyinyi, sisi tunashangilia tu. Vihesabiwe vichwa!"

"Vikihesabiwa, mwanangu, nani atakumbuka kwamba tupo?" mkunga akamjia juu. "Juzi nimezalisha mtu juu ya mkokoteni! Mbunge huyo ndiye mdomo wetu."

"Mdomo wa kula!"

Basi likaangua kicheko. Hapo dereva akauliza: njia ya hospitali ina foleni, wapitie huko hivyo hivyo au waende moja kwa moja sokoni?

"Tuhesabu vichwa!" mkunga akadakia kwa kejeli, mkono juu. "Sokoni!"

Mikono ikajaa hewani, wa fundi ukiwemo.

"Jamani, na sisi wachache je?" Kinyozi aliruka kitini. "Mke wangu yuko leba!"

Mkunga akasimama wima. "Dereva, hospitali!"

"Lakini mama, tumeshapiga kura," fundi akajikuta ananung'unika. Mkunga alimkata jicho, na dereva akakata kona.

Basi liliposimama, kinyozi alishuka mbio, kisha akarudi kuchungulia dirishani. "Asante sana, mama! Lakini umeona? Kura yako moja imelishinda basi zima!"