Gumba la Bi Verna

Kwenye basi la kwenda mji wa Marquette, Bi Verna alikuwa akijizoeza kuvuta kitanzi cha kamba kwa kifyatulio cha gumba, kidude cha mkononi cha kuachia kamba ya upinde mshale utoke. Jirani yake, jamaa mwenye ndevu, akacheka. "Bibi, msimu wa kuwinda unaanza kesho. Nunua cha kidole cha shahada kama changu. Kulungu akitokea, unabonyeza papo hapo." "Ndiyo maana unakosa shabaha," Bi Verna akamjibu. Jamaa akajikuna ndevu, nami niliyeketi nyuma yao nikajua kweli huwa anakosa. "Gumba liweke tu kwenye kitufe, mgongo ndio uvute," Bi Verna akaendelea. "Sasa utajuaje kitaachia saa ngapi?" "Sijui. Ningejua, mkono ungetikisika." "Acha utani, bibi!"

Akavuta polepole. Basi zima tukabana pumzi. Kikaachia, ta! Tukaruka wote, Bi Verna akiwemo. "Uzee wote huu, bado kinanishtua," akanong'ona. Basi likasimama. Jamaa akashuka akilitazama gumba lake kana kwamba hajawahi kuliona.